Aliye Juu Mshusheni

Ndugu Meneja wa Jumba la Ufukweni, mwanangu,

Salamu nyingi kutoka ghorofa ya saba, mlango unaotazama maji. Mwanangu wa kwanza, aliyeninunulia nyumba hii, yuko melini anatengeneza injini, anakusalimu. Mkewe anakusalimu, ila amenikataza nisimtaje kwenye mambo haya, basi usimwambie. Mjukuu wangu anakusalimu na anaomba radhi kwa kile kitufe cha lifti alichong'oa. Anasema ukikitaka anacho. Paka anakusalimu kwa mbali, maana jumba lako haliruhusu paka. Na nyinyi je? Mama watoto hajambo? Na yule mlinzi wa getini, kikohozi kimepungua? Mwambie asilale na feni.

Mwanangu, shuleni sikukaa sana, nitaandika kama ninavyosema. Jumba hili ni refu mno. Naomba lishushwe. Nakueleza kwa namba, kama mnavyopenda watu wa ofisi.

1. Kisiwa chetu ni kidogo. Mtu akipiga chafya sokoni, bandarini wanamwambia pole. Nyumba zote zilikuwa za chini, kila mtu na siri zake nyuma ya ukuta wake. Mkaja nyinyi na jumba moja refu kama mlingoti, mkamweka mama mtu mzima huko juu, mkampa na roshani ya kioo. Haya macho nimezaliwa nayo, niyapeleke wapi? Bahari nimeshaitazama. Ni maji.

2. Chini ya roshani yangu ndipo anapokaa mdogo wangu, tumbo moja, yule mjane mshonaji ambaye kisiwa kizima humwita Sindano. Ua wake nauona kama sinia mapajani. Mwanzoni ilikuwa heri. Nikiiona mvua inakuja kutoka baharini, nampigia simu aanue nguo za watu, anaanua. Nikampigia kwamba sufuria inafurika, akakimbia. Nikampigia kwamba bati lake la nyuma lina tundu. Hapo akaguna. Akasema paa lake analijua mwenyewe.

3. Kuna seremala. Huyu kila siku analeta suruali ipunguzwe, na suruali ni ileile, na haipungui. Sikusema kwa ubaya, mwanangu. Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia kwa kucheka tu kwamba ile suruali mwisho itakuwa kaptula. Simu ikakatika. Nikasema mtandao. Mtandao gani, ni yeye.

4. Kesho yake akamtuma mlinzi wako: "Mwambie dada, aliye juu mngoje chini." Mlinzi akayaleta maneno kama yalivyo, na kikohozi juu yake. Methali hiyo naijua tangu utoto, ila sikuwahi kuwa juu. Sasa Sindano ametoa cherehani nje, kaielekeza kwenye geti lenu, anashona huku ananingoja. Mimi tangu hapo sijashuka. Tulilala kitanda kimoja mpaka naolewa, leo namwona utosi tu. Simu zangu hapokei. Hili ndilo linaloniuma. Mengine ni maneno.

5. Kwa hiyo ondoeni ghorofa. Anzeni na zile za juu yetu, maana mkianza na za chini tutaumia. Matofali yalipanda moja moja, yatashuka moja moja. Nikiwa chini hatakuwa na wa kumngoja.

6. Kama kushusha ni kazi kubwa, pandisheni nyumba ya Sindano. Ile winchi mliyojengea bado imelala nyuma ya jumba. Muinyanyue polepole, ana sahani za marehemu mama, muiweke sambamba na roshani yangu.

7. Na hilo likishindikana, kipakeni kioo changu rangi nyeusi. Acheni katundu kadogo tu ka kuonea mvua. Kakielekea uani kwake si vibaya, mvua hupitia huko.

Nisalimie fundi wa lifti, mama wa usafi, na wale wa ghorofa ya tatu wasioitikia salamu. Hao wasalimie mara mbili.

Ni mimi mama yako,
Mama wa Roshani ya Saba

Tena: Mwanangu, hayo ya juu yaache. Sindano amechoka kungoja, amepanda mwenyewe, na futi ya kupimia ingali shingoni. Amenisema, amenisema, nami nikamwomba radhi. Kisha akaenda roshani kupunga upepo. Akatazama chini uani kwake. "Dada, kumbe bati lina tundu kweli." Mara seremala akafika mlangoni pake, suruali begani, akavua kofia ajipepee. Mdogo wangu akakishika kioo kwa mikono miwili. "Dada, kumbe ana upara." Tumecheka mpaka mkwe akatoka chumbani kuuliza nani amefariki.

Sasa anataka kuhamia humu, anaulizia ghorofa ya nane. Jumba liacheni lilivyo. Ila akija ofisini mwambie ya nane ina mtu, mpe ya sita. Mimi ndiye mkubwa, sitaki kumalizia uzee wangu namngoja yeye chini. Nijibu upesi, ameshavaa viatu. Na kile kitufe alichong'oa mjukuu nimekiangalia. Ni cha nane. Msikirudishe kwanza.