Tai wa Busunzu na Ubeti wa Pili

Saa tatu na robo asubuhi nilikuwa bado mtu wa heshima. Saa nne nilikuwa nimeumbuka mbele ya kijiji kizima cha Busunzu.

Kazi yangu mnaijua. Kituoni kwetu Kasulu tunaangua mayai ya tai mwenye kishungi, ndege aliyeadimika mno kwenye milima hii, kisha tunamrudisha porini. Sharti kuu ni kwamba kinda asimzoee binadamu. Akituzoea, atashuka vijijini kuomba chakula, na huko atauawa kwa mawe. Kwa hiyo kinda huyu wa leo nilimlisha tangu alipoanguliwa nikiwa nimejifunika gunia, mkononi nimevaa kichwa cha tai cha kitambaa nilichokishona mwenyewe. (Nilikishona vizuri. Hilo sitalikana.)

Asubuhi tukampeleka kilimani Busunzu kumwachia. Nikawahutubia wanakijiji bila wasiwasi: "Ndege huyu hajawahi kumwona mtu. Hatawasogelea kamwe."

Nikafungua sanduku. Tai akatoka, akatazama bonde, akaruka. Akapanda juu, juu zaidi. Machozi yakanilenga. Mkuu wangu wa kituo akanipa mkono.

Lakini kwetu shughuli haifungwi bila kwaya. Mama Neema, mwalimu wao, akainua mkono, wakaanza wimbo wa shukrani ya mavuno.

Tai akageuka.

Jamani! Akashuka moja kwa moja, akatua juu ya ngoma. Mpigaji akaikimbia. Tai akamkazia macho Mama Neema, akafunua mdomo, akalia kama kifaranga mwenye njaa.

Kwaya ikaukatiza wimbo.

"Baba Eliya," mkuu akaniuliza taratibu, "wimbo huu anaujuaje?"

(Nilificha uso. Nilificha mikono. Ila kila nilipomlisha niliimba wimbo huohuo ndani ya gunia. Nimesoma kila kitabu cha tai nilichokipata, na bado nikasahau kwamba tai ana masikio.)

"Mimi ndiye... nilikuwa namwimbia."

"Basi mwimbie arudi sandukuni."

Nifanyeje? Nikajifunika gunia, nikavaa mkononi kile kichwa cha kitambaa, nikaimba peke yangu. Sauti yangu si ya kusikika hadharani. Tai akaruka chini, akanifuata kwa miguu. Watu wakashika mbavu.

"Si ulisema hatatusogelea?" mzee mmoja akapaza sauti.

"Huyo ameokoka, mzee!" mwingine akamjibu. "Mtafutieni joho la kwaya!"

Nikamaliza ubeti. Tai akasimama mlangoni pa sanduku, akasubiri.

"Ubeti wa pili, Baba Eliya!" Mama Neema akaniamuru. "Bado hajaingia."

Nikaimba wa pili.

Sasa tumerudi Kasulu, tai na mimi. Nitamlisha kimya mpaka asahau, kisha tutajaribu tena palepale. Kwaya ya Busunzu nimeshawapa hela ya soda, shilingi elfu ishirini, ili siku hiyo wasiimbe.