Habari Niliyoipika kwa Ajili ya Darasa la Mama

Jumatatu, 4 Machi
Sijawahi kumwambia mtu: naogopa kusoma kwa sauti mbele ya watu. Hata Mama hajui. Anafundisha Kiingereza watu wazima, darasa la ngazi ya juu, na wiki hii watajifunza kuzichunguza habari badala ya kuzimeza. Kaniteua msomaji wa Jumamosi. Eti matamshi yangu ya shuleni ni maridadi. Nimekwisha!

Jumatano, 6 Machi
Nina akili, jamani! Nimeandika habari ya Kiingereza, safu mbili kama gazeti: wataalamu wamegundua kuwa kusoma kwa sauti huharibu koo la msichana wa miaka kumi na tano. Kumi na tano kamili, kama mimi. Mama kanituma kutoa nakala, nikaichomeka juu ya habari zake. Wakishaisoma, nani atathubutu kunifungua mdomo?

Jumamosi, 9 Machi
Maafa. Wanafunzi wa Mama walianza kwa kusoma kimya. Mama aliikodolea macho karatasi, akaandika maswali yake ubaoni: nani kasema, kwa ushahidi gani, nani anafaidika. Fundi cherehani akauliza hao wataalamu wana majina au ni majini. Muuza nyama akasema hata yeye akidanganya wateja hutaja walau ng'ombe. Dereva mstaafu, anayeniita mjukuu wake, akataka kujua makoo ya wavulana yamesalimikaje. Nikatazama viatu. Likabaki swali la tatu. Vichwa vyote vikanigeukia, polepole, kama feni. Mama akasema, kwa upole wa kutisha, haya mwanangu, tusomee. Nikasoma. Yote! Sauti ya kifaranga ndani ya boksi. Dereva akapiga makofi: mjukuu wangu mwongo, lakini matamshi, loo!

Jumapili, 10 Machi
Hukumu: nitasoma kila Jumamosi hadi muhula uishe. Mama kaniambia nikae nitafakari kosa langu. Nimetafakari. Nimeliona! Sikuweka wavulana. Wala jina la mtaalamu. Habari mpya imefika nusu: daktari mwenye majina matatu, wagonjwa mia nne, wavulana tele, umri kuanzia kumi na nne hadi kumi na sita ili nisishukiwe. Imebaki picha ya koo lililovimba, nadhani nikifungua mdomo mbele ya kioo na kupaka rangi ya mdomo ya Mama...
Kandambili koridoni! Chini ya godoro, harak