Koti Jeupe la Parrain

Jumatatu, 7 Julai
Imetangazwa rasmi: mimi, Adrien, ndiye parrain, msimamizi wa ndoa ya Syntiche, Jumamosi hii. Hortense, mke wangu, ndiye marraine, msimamizi wa kike. Jirani yetu Casimir aliitaka sana nafasi yangu. Pole yake. Mama Agnès, mamake Syntiche, ametoa sharti moja tu: parrain avae nyeupe tupu. Mtaa wetu mzima wa Katuba hakuna koti jeupe kama langu.

Jumanne, 8 Julai
Nimevaa koti, nikaenda kanisani kujaribu kiti changu. Parrain hakai hivi hivi, kukaa kuna mazoezi. Karibu na altare palikuwa na maua ya lis, yaani yungiyungi, makubwa. Nikainama kunusa. Nikainuka na unga wa rangi ya chungwa kifuani.

Hortense kaniambia nisitie maji wala nisisugue. Nikung'ute, unaobaki niuvute kwa scotch ya kufungia makatoni, kisha nianike juani. Scotch! Koti langu si katoni ya samaki wa Kilwa. Nikasugua kwa kitambaa kibichi, kwa nguvu za kiume. Doa sasa ni kubwa kama sahani.

Jumatano, 9 Julai
Maji ya moto na sabuni. Halafu javel, ile dawa ya kung'arisha nguo. Doa limekolea, tena limeota ukingo. Mama Agnès kapita, kaliona koti kambani. Akasema kwa upole kwamba kama Ijumaa jioni litakuwa bado hivi, "Papa Casimir iko, na koti yake iko mweupe."

Alhamisi, 10 Julai
Nikafikiri: kwa nini nibadilishe koti wakati ndoa yenyewe inaweza kubadilika? Nikaenda kwenye kikao cha familia, nikapendekeza rangi ya sherehe iwe chungwa. Nikawaeleza kwamba kule mpakani Kasumbalesa hakuna bibi harusi anayejiheshimu anayevaa nyeupe siku hizi. Syntiche akalia. Jephté, mchumba wake, akauliza kama nina malaria. Nikaondoka kwa heshima zangu zote.

Jioni, mpango bora zaidi. Nikamkuta Casimir anajaribu koti lake. Nikampa shada la lis, eti zawadi ya ujirani, nikamkandamizia kifuani kwa upendo. Kachafuka kuliko mimi! Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Ijumaa, 11 Julai
Koti la Casimir ni jeupe. Nimemchungulia juu ya ukuta: hakutia hata tone la maji. Scotch, halafu jua. Nikamuuliza Hortense kwa nini kamfundisha adui. Kajibu kwamba kila mama wa Katuba anajua hivyo. Wamekula njama, hao wamama.

Kabla Mama Agnès hajafika nikapata jibu. Doa si la kuondoa, ni la kufunika. Nikabandika ua juu yake. Lis, bichi, kubwa. Mama Agnès akalitazama ua, akasema basi, nitakuwa parrain. Nilijua.

Jumamosi, 12 Julai
Nimeingia kanisani polepole ili hata wa nyuma wanione. Baada ya baraka nikamkumbatia Syntiche kama baba, kwa nguvu. Tulipoachana, gauni lake lilikuwa na mchirizi wa chungwa toka begani hadi kiunoni. Hortense akatoa scotch kwenye mkoba, Casimir akaacha kiti chake, wote wawili wakanisihi nisiguse. Wivu mtupu. Nikachovya leso kwenye maji ya baraka, nikasugua mbele ya umati. Syntiche alilia sana. Nami niliguswa.

Jumapili, 13 Julai
Mama Agnès haitikii salamu yangu. Gauni alilikodi, linarudishwa kesho, na kamkabidhi Hortense aliokoe. Hortense kalianika juani, kaenda misa. Kwa kweli doa limefifia kidogo. Lakini jua la Julai ni goigoi, na jina langu ndilo liko hatarini. Nimelianua mwenyewe. Maji yameanza kuchemka. Wakitoka misa watanishukuru.