Luqmani na Mstari Uliolala

Habari iliyochafua kijiwe cha kahawa pale Usagara asubuhi ile ililetwa na Noa, ambaye kwa mdomo wake wamembandika jina la Bwana Habari. Aliingia na spika kichwani.

"Jamani, amplifaya ya kwaya imekata roho! Mchana kuna harusi Mwera. Bibi harusi ataimbiwa na vyura!"

Nyuma yake Imakulata, Mama Kwaya mwenyewe, kaikumbatia amplifaya kama mgonjwa. Akaitua mbele ya Luqmani, fundi redio wa kijiwe.

"Kaka Luqmani, niokoe."

Luqmani alikuwa akiiomba siku kama hii. Akatoa mfukoni oskiloskopu yake mpya, ndogo kama simu, ya kuchora umeme unavyopanda na kushuka.

"Leo mtaiona sauti kwa macho," akatamba.

"Sie washamba tumezoea kuisikia kwa masikio," akasema mzee Rahimu muuza kahawa, aitwaye Kadhi kwa kuhukumu kila kesi.

Luqmani akaifungua amplifaya, akaiwasha, akachomeka spika na maikrofoni, akagusisha ncha ya oskiloskopu kwenye waya ndani, akampa Noa maikrofoni. "Ongea. Kazi unayoiweza."

Noa akaongea. Kwa maneno akaenda Pangani akarudi, akapitia bei ya nazi na siasa. Kiooni, mstari umelala kimya.

"Kama ule mstari wa moyo hospitali," Imakulata akanong'ona, machozi yakimlenga. "Ndo imekufa?"

"Aka! Haijafa," akasema Kadhi. "Mashine imepima maneno ya Noa, imekuta hayana uzito."

Kijiwe kizima kikacheka. Luqmani alitamani ardhi immeze yeye na mashine yake. Akakodolea kioo, ndipo akaona: kila kisanduku kilichochorwa kiooni kimewekwa kuwa volti tano! Sauti ya maikrofoni ni ndogo mno. Kuitafuta hivyo ni kupima chumvi ya mchuzi kwa mzani wa mkonge.

Akakishusha kipimo. Mstari ukatikisika, ukavimba, ukawa mawimbi, lakini yakikimbia kama kaa aliyeona mtu.

"Yashike, fundi, yasije yakarudi baharini!" Kadhi akamhimiza.

Luqmani akabonyeza tena, akaiambia mashine ianzie wapi kuchora. Mawimbi yakatulia. Akaongeza mwanga wa kioo, wote wakaona.

"Hee! I hai!" Imakulata akapiga kigelegele.

Fundi akayafuata mawimbi ndani ya amplifaya mpaka pale yalipopotea: waya wa kwenda spika umekatika. Akazima, akauchomelea kwa risasi iliyoyeyushwa, akawasha.

Noa, kwa kunogewa, maikrofoni hajaiachia. Kainama sikioni kwa Kadhi, anamnong'oneza. Na mnong'ono ukanguruma mpaka ng'ambo ya barabara:

"SIRI YAKO, MAMA KWAYA AKIPANDISHA SAUTI, MBUZI WA JIRANI HUKATA KAMBA!"

Luqmani akajifanya anafuta kioo.

Imakulata akaichukua maikrofoni polepole. "Ahsante, Kaka Luqmani, imepona. Na wewe Noa, beba hilo spika twende Mwera. Ukifika utaimba peke yako, tuone mbuzi wa huko watafanyaje."