Wageni Waaminifu wa Daktari Eggebrecht

Jumamosi ya kwanza ya likizo ya shule, bonde letu la Hinterau hujaa watu mpaka kwenye mabanda ya ng'ombe. Wageni wa wiki iliyopita wanatoka, wa wiki mpya wanaingia, na barabara imezibwa na magari yaliyobeba skii, zile mbao za kutelezea thelujini, juu ya paa. Siku kama hiyo mwenye akili hukaa nyumbani. Lenz Gstrein, ambaye akili zake zilikuwa za aina nyingine, alikwenda kusimama mlangoni mwa ofisi ya utalii akila soseji na kusikiliza shida za watu.

Hakusubiri sana. Shida ilikuja yenyewe, imevaa kofia ya sufu ya rangi ya chungwa.

"Bomba limepasuka!" Bibi mmoja wa Kiholanzi alikuwa akimweleza mkwewe kwa sauti ya kufika kanisani. "Nyumba tuliyokodi imejaa maji, na hawa wa ofisini wanasema kijiji kizima hakuna kitanda. Wajukuu wangu walale wapi, Wiebe? Juu ya skii?"

"Mama, mimi nilisema mapema twende ile hoteli ya..."

"Wewe endesha gari, baba. Kusema niachie mimi."

Lenz alifuta haradali mdomoni, akavaa lile tabasamu lake. Zamani alikuwa mwalimu wa kuteleza kwenye theluji, akaacha kwa sababu ya goti lake na waume wa wanafunzi wake. Sasa alikuwa mlinzi wa nyumba ya mbao ya Daktari Eggebrecht, tabibu wa meno wa Munich. Kazi yenyewe ilikuwa kufagia theluji paani na kuhakikisha mabomba hayagandi. Malipo yake yalikuwa chumba cha chini, chenye joto, bure. Chumba hicho ndicho kilichokuwa maisha yake yote. Angefukuzwa, ingebidi arudi kwa dada yake, na dada yake alikuwa na ng'ombe wengi na huruma kidogo.

Lakini Daktari hakuwahi kuja Februari. Foleni za lifti za kubeba watelezaji mlimani zilimpandisha presha. Na nyumba yenye vitanda vitupu, wiki kama ile, ilimuuma Lenz rohoni kama mgonjwa asiyetibiwa anavyomuuma tabibu.

"Shikamoo, mama," alisema akiinama. "Nimesikia mkasa wako, nikakaribia kulia. Mimi nina nyumba."

Bibi alimtazama kuanzia buti hadi unyoya wa kofia. Aliitwa Geesje Hoekstra. "Yako?"

"Ya ukoo. Babu yangu aliichonga kwa mikono yake."

"Kutoka hapo mpaka kwenye lifti?"

"Dakika tano."

"Kwa mguu au kwa helikopta?"

"Kwa mguu, mama. Mguu wa kijana, lakini mguu."

"Na wadogo? Hawajui kusimama hata kwenye zulia."

"Mbele ya mlango kuna mteremko mpole kabisa. Juzi padri alianguka pale akaamka anacheka."

"Chumba cha kukaushia viatu?"

"Kipo, na joto lake ni la Sahara."

Maswali yalimiminika: jiko, beseni la kuogea, majirani, mbwa wa majirani. Lenz alijibu yote bila kumeza mate, na pale ukweli ulipopungua aliongeza wake. Kisha akataja bei. Ilikuwa bei ya kumfanya mtu aketi chini, na Wiebe aliketi, juu ya sanduku.

Bibi Geesje alitikisa kichwa taratibu. "Bei ya jambazi. Na mimi, kijana, nimekuja bonde hili miaka ishirini na tano. Kila mwaka nyumba nyingine. Ndiyo maana sijapata hata beji."

Msicheke. Kwetu beji si mchezo. Mgeni akirudi miaka mingi, meya mwenyewe humvisha beji ya uaminifu, na kumpa kikapu cha nyama ya kukausha na pombe kali ya mapeasi, huku bendi ya matarumbeta ikimpigia mbele ya nyumba aliyofikia. Kuna wazee huko Rotterdam wamekataa kufa mpaka wapate ya dhahabu. Ila lazima mwenyeji athibitishe kwamba mgeni alikuwa akilala kwake.

"Mama," Lenz alisema, mkono kifuani, "kwa bei hiyo, miaka yote hiyo mlilala kwangu."

"Utasema hivyo ofisini?"

"Nitasema kwa machozi."

Bibi akalipa papo hapo, taslimu, bila kuomba apunguziwe. Mholanzi, ambaye kwetu anajulikana kwa ubahili, analipa, habishani! Mtu mwingine angeketi ajiulize. Lenz alikuwa ana haraka ya kuweka fedha mfukoni.

Jumatatu alitimiza ahadi. Alidhani ofisi itampa beji ndani ya bahasha na mambo yaishe. Kumbe msimu ule mgeni wa miaka ishirini na tano alikuwa hajapatikana hata mmoja, na meya alikuwa na uchaguzi karibuni. Karani alifurahi mpaka akambusu Lenz. Kisha, kwa adabu zake zote, akampigia simu mwenye nyumba halali, Munich, kumwalika kwenye sherehe.

Jumatano alasiri Lenz alikuwa akifagia ngazi aliposikia tarumbeta. Akainua macho. Bendi nzima ilikuwa ikipanda kilima, suruali za ngozi, manyoya kofiani, na mbele yao Meya Thurner akiwa amekumbatia kikapu. Nyuma ya bendi, likipiga honi kwa hasira, lilikuja gari jeusi la Daktari Eggebrecht.

Lenz alimwona dada yake akilini. Aliwaona na ng'ombe wake, mmoja mmoja.

Daktari alishuka, uso umewiva kama nyanya. "Gstrein! Watu gani hawa ndani ya..."

"Daktari!" Meya alimkumbatia, kikapu na yote. "Nisamehe, ndugu yangu. Muda wote huu tunakuona umefunga mapazia, tunasema huyu wa Munich anajidai. Kumbe unahifadhi familia na watoto wadogo, wala hujitangazi!"

"Mimi?"

"Sisi wenyewe tungewajuaje wageni wako? Wote wamevaa helmeti na miwani! Leo jioni unakaa meza yetu, pale baa ya Rosina."

Daktari alianza kusahau hasira. Alikuwa na nyumba Hinterau karibu miaka thelathini, na siku zote alikunywa bia yake peke yake kando ya mlango wa choo, akiitazama ile meza ya wenyeji pembeni ya jiko. Hakuna aliyewahi kusogea ampishe.

Kabla hajaamua, mlango ulifunguliwa, Bibi Geesje akatoka mikono wazi.

"Daktari wangu! Kila mwaka unazidi kunenepa!"

Bendi ilipiga. Watu walipiga makofi. Lenz alimwangalia Daktari jinsi mshtakiwa anavyomwangalia hakimu. Na Daktari, macho yakiwa yamejaa maji, akasema, "Na wewe, Bi... mpenzi wangu... hubadiliki."

Lenz alishusha pumzi. Chumba kilikuwa kimepona. Angetabasamu kabisa, kama Bibi Geesje asingeomba kusema neno moja la shukrani.

"Mabonde mengine," alisema, huku beji ya dhahabu iking'aa kwenye sweta, "mgeni akifikisha miaka hii, mwenyeji humrudishia fedha za wiki nzima. Lakini sisi hatukuja kwa ajili hiyo. Kwetu Daktari ni ndugu. Hatuwezi kumwomba kitu kama hicho. Hata kama nchi nzima inatazama."

Nchi nzima ikamtazama Daktari.

"Warudishiwe!" Daktari alipaza sauti, akiwa amelewa heshima kabla ya bia. "Gstrein, wape fedha zao! Zote, sasa hivi!"

Lenz alizitoa mfukoni, noti kwa noti, na kila noti ilipigiwa makofi. Meya alitaka irudiwe kwa ajili ya picha ya gazeti, kwa hiyo aliitoa ya mwisho mara mbili.

Hapo ikabaki swali la vitanda. Nyumba ilijaa wageni waaminifu, na Daktari alitaka kubaki afaidi meza ya Rosina. Akachukua chumba cha chini. Lenz, ambaye kazi na makazi yake vilikuwa salama kwa sharti la kutofungua mdomo, alitandika godoro katika chumba cha viatu, chini ya mabomba ya moto, katikati ya harufu ya familia nzima.

Asubuhi Bibi Geesje aliingia kuchukua buti za wajukuu.

"Umelala, kijana?"

"Mama, niambie ukweli. Hapa Hinterau umewahi kufika?"

"Mara ya kwanza. Pazuri sana." Alipapasa kiatu kimoja kuona kama kimekauka. "Mwaka jana walituvisha beji bonde la jirani. Mwaka juzi, lile lingine. Bomba huwa linapasuka kila Februari, maskini."

"Na maswali yote yale? Lifti, beseni, mbwa?"

"Mbwa!" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mimi nachagua mwenyeji kwanza, nyumba baadaye. Mwenyeji halali, swali lake la kwanza ni pasipoti. Wewe ulianza na babu yako. Nikamwambia Wiebe, shusha masanduku, tumefika."

Lenz alikaa akifikiri, kichwa katikati ya soksi. Angeweza kwenda kwa meya kusema yote, kisha aende moja kwa moja kukamua ng'ombe.

"Mwaka kesho mnakwenda wapi?" aliuliza mwishowe.

"Sijui bado. Mtu wa kufaa si rahisi kumpata."

"Nina binamu, ng'ambo ya ule mlima. Mchoyo, mwongo, ana funguo za nyumba ya watu. Mtakachookoa, tugawane nusu kwa nusu."

Bibi Geesje alimtazama kwa upole, kama mwalimu amtazamavyo mtoto aliyeanza kuelewa hesabu.

"Robo," alisema. "Na hiyo soksi uliyolalia ni ya mkwe wangu."