Sikio la Mpiga Mzinga

Jumatatu, 4 Machi
Balaa! Tangazo ubaoni: wapiga mizinga wote tupimwe masikio Jumatano. Atakayefeli, stoo ya sare. Na bosi wa stoo ni nani? Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, sajini mwenye tumbo la jenerali. Tayari kaniambia kaniwekea kiti karibu na soksi. Fedhuli. Kweli sikio la kushoto limechoka, mzinga haubembelezi mtu. Lakini niuache mzinga wangu nikakunje soksi? Thubutu! Nitakufa kwa uchungu.

Jumanne, 5 Machi
Nimejitolea kufagia hospitali ya kambi. Watu wameshangaa, kwani sijawahi kujitolea chochote. Kumbe napeleleza. Unakaa kibandani, unavishwa visikilizio, muuguzi yuko nyuma ya kioo anabonyeza kitufe. Ukisikia mlio, mkono juu. Masikio ya nini? Macho ninayo. Bega lake likicheza tu, nanyoosha. Wajinga ndio waliwao.

Jumatano, 6 Machi
Nimeng'ara! Bega juu, mkono juu. Bega juu, mkono juu. Muuguzi akatoka mbio kumwita daktari, Kapteni. Nikajua sifa hizo. Kapteni akaniuliza kwa upole nilikuwa nasikia nini. Nikamjibu milio mitamu sana, afande, hasa ya kushoto. Wakatazamana.

Mashine ilikuwa bado haijawashwa. Muuguzi alikuwa anamalizia karanga zake.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepimwa upya, nimefungwa kitambaa machoni. Nimefaulu! Kushoto hafifu, kulia safi, mzinga ruksa. Ila Kapteni anasema hawezi kumkabidhi mzinga mtu anayesikia milio isiyokuwepo. Jumatatu niende kwa daktari wa akili, kwa sasa nikae stoo. Kisha akaniambia, kicheko kinamtoka puani, kwamba nikikiri tu nilikuwa namwangalia muuguzi bega, yaishe, narudi mzingani leo leo. Mtego huo! Koplo mzima nikiri udanganyifu mbele ya afande? Haniingizi mjini mimi. Nikashikilia palepale: nilisikia.

Ijumaa, 8 Machi
Stoo. Shemeji ananisemesha polepole kama anayemlisha mtoto uji, na mikasi yote kaificha. Mke wangu kapiga simu analia. Kaambiwa na kaka yake nimerukwa na akili. Ananisihi nimwambie daktari ukweli. Masikini, mbinu za kivita atazijulia wapi?

Mchana wenzangu wamefyatua mzinga uwanjani. Nimeusikia, kwa sikio la kulia, machozi yakanidondokea kwenye soksi za watu. Naupenda mzinga ule, jamani.

Lakini Jumatatu ni zamu yangu. Nimewaza sana. Milio mitupu haitoshi, daktari wa akili atadhani nimebuni. Nitamwambia ni bendi nzima, na tarumbeta inaniita kwa cheo. Hapo lazima anirudishe mzingani.