Nyoka wa Mashua ya Mama Mkwe

Jumapili, 11 Agosti

Unisamehe, shajara. Sijakuandikia tangu Pasaka. Sababu ni hasira, nayo ilikuwa ya haki: shemeji yangu Gwenole aliniita nahodha wa beseni mbele ya mke wangu Soizic, na Soizic akacheka. Ni kaka yake. Damu nzito.

Leo kuna habari. Tulikula mchana kwa Mama Mkwe. Kuku mkavu. Mama Mkwe, mwenye miaka themanini na minane na meno yake yote, aligonga bilauri kwa uma akatangaza kwamba katika mashindano ya ghuba Jumapili ijayo nitaiongoza mimi ile mashua ya matanga aliyoachiwa na marehemu mumewe. Nikimletea kikombe, mashua ni yangu. Nisipoleta, ni ya Gwenole.

Gwenole akauliza kama anaweza kupima mito ya viti vya mashua leo leo, asipoteze muda. Fidhuli!

Jumatatu, 12 Agosti

Nimefikiri. Mashua haina ila. Mimi sina ila. Hata hivyo kila mwaka tunakuwa wa mwisho, isipokuwa mwaka ule ambao mwenzetu mmoja alizama. Basi ila ni jina. Limeandikwa tezini, nyuma kabisa ya mashua, kwa herufi nene: LEONTINE. Ndilo jina la Mama Mkwe. Nani aliwahi kushinda mbio akiwa amembeba mama mkwe?

Nitaiita RADI.

Ila hapa Bretanya jina la mashua halibadilishwi kama shati. Kila mashua hufuatwa na nyoka asiyeonekana, anayelijua jina lake. Ukilibadili kabla ya kumuua, anakuzamisha. Naye huuawa siku moja tu kwa mwaka, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, tarehe 15 Agosti: unageuza mashua na kuukata mstari wa povu uliouacha nyuma yako, mara saba.

Mimi ni karani mstaafu wa posta. Siamini upuuzi.

Nitakata mara saba.

Jumatano, 14 Agosti

Nimepaka. Imependeza mno. Soizic aliuliza kwa nini kucha zangu ni nyeusi. Nikasema nilikuwa naking'arisha kiatu cha sikukuu. Akasema ni muujiza, maana sijakanyaga kanisani tangu ubatizo wa mpwa wetu. Basi kesho nitakwenda naye? Nikasema goti linaniuma.

Mpango hauna tundu. Kesho asubuhi kijiji kizima kitakuwa kwenye Misa, na ghuba itakuwa yangu. Baraka ya bahari, ambapo watu wote hujazana mashuani na maua yao, hufanyika alasiri. Siku zote alasiri.

Alhamisi, 15 Agosti

Paroko mpya ameihamishia asubuhi, maji yakiwa yamejaa. Naambiwa alitangaza kanisani Jumapili tatu mfululizo. Mimi ningejuaje?

Nilikuwa nimekwisha kukata mara nne, macho nyuma ili nisiukose mstari wa povu, niliposikia wimbo wa Bikira Maria. Mashua zote za kijiji zinatoka bandarini! Mbele kabisa ni ile ya uvuvi ya Gwenole. Ndani yake yumo paroko. Yumo pia Mama Mkwe, amekaa juu ya kiti cha jikoni, ameshika shada la maua la waliokufa baharini.

Niligeuka kwa nguvu ili wasiisome tezi. Nikamgonga Ng'ombe.

Ng'ombe ni mwamba. Maji yakijaa hujificha. Kila mtoto wa hapa anamjua. Hata mimi namjua! Lakini mtu hawezi kutazama mbele na nyuma kwa wakati mmoja.

Mashua ilizama polepole, kwa heshima, omo chini na tezi juu. Kwa hiyo wote walisoma. Mama Mkwe, ambaye kila siku hudai haoni hata bei ya mkate, alisoma kutoka mbali na kuuliza kwa sauti huyo Radi ni nani, na yeye Leontine amepelekwa wapi.

Kisha akanirushia shada. Paroko akamwambia kwa upole kwamba huyu bado yu hai.

"Najua, Baba," akasema. "Namwekea nafasi."

Gwenole alinivuta kwa kulabu, kwa kanda za suruali. Akasema karibu, nahodha, na kuuliza beseni nimeliacha wapi.

Ijumaa, 16 Agosti

Soizic amehamia kwa mama yake. Mtu wa bima alipiga simu kwa Mama Mkwe kusema yeye Leontine anamjua, Radi hamjui. Gwenole amemjibu kwamba hata sisi hatumjui. Mwokaji mikate ameniuliza hali ya goti mbele ya foleni nzima.

Jumanne, 20 Agosti

Mama Mkwe ameniita. Nilikwenda na maua. Akauliza kama yametoka kwenye shada lake. Nikakana. Ni matatu tu.

Hakunigombeza. Alisema meza ya mle mashuani mumewe aliichonga kwa mkono wake, mwaka waliooana. Sikujua nishike nini.

Halafu akasema kilichosalia ni ule mtumbwi mdogo wa makasia, niliouacha umefungwa kwenye boya. Jumapili ataamua kama ni wangu au wa Gwenole. Soizic naye ataamua siku hiyohiyo kama atarudi.

Nimekwenda kuuchunguza. Mzima, imara. Ubavuni umeandikwa LEONTINE MDOGO.

Nimetafakari kosa langu, nami nimelipata. Nilimkata nyoka mara nne tu. Vilibaki vipande vitatu, navyo ndivyo vilivyonisukumia mwambani. Kumbe kwa mtumbwi mdogo nyoka naye atakuwa mdogo.

Rangi huhitaji muda kukauka, kwa hiyo naanza leo kupaka jina jipya. Mama Mkwe akishaamua, nitakuandikia.